Habari za Mtetemo na Wenye Pumzi Fupi

Katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, mwishoni mwa karne ya 19, tabibu Jean-Martin Charcot, ambaye katika zama zake ni wachache waliomkaribia kwa ujuzi wa maradhi ya neva, alisikia kwa wagonjwa wake wa maradhi ya kutetemeka, yale yaliyopewa jina la James Parkinson, kauli moja iliyomstaajabisha: ya kwamba kila walipotoka katika safari ndefu ya gari la moshi au la farasi, wakirushwarushwa kwa saa nyingi, walijiona wepesi kwa muda, ilhali mzima wa afya hushuka katika safari kama hiyo akijishika kiuno. Basi akaagiza kiti chenye kutikiswa kwa mashine, na mwaka 1892 akatoa mhadhara juu ya utabibu wa mtetemo. Mwaka uliofuata akafariki dunia.

Hakuwa wa kwanza kumkabidhi mgonjwa kwa mashine, maana Gustav Zander alikwisha fungua nyumba yake ya mazoezi huko Stockholm tangu 1865. Na huko Battle Creek, Marekani, John Harvey Kellogg naye alikuwa na viti vyake vya kutetema, akivisifu kwa maradhi mengi kupita kiasi cha kuaminika.

Wenye mapafu mabovu, katika muda huo, aghalabu waliamriwa watulie. Amri hiyo ilikuwa na sura ya huruma, lakini ndani yake mlikuwa na madhara yaliyokawia kutambulikana: mtu apandaye ngazi akatweta huziepuka ngazi, akiziepuka, mapaja yake hunyauka, na misuli iliyonyauka hudai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ile ile, hata kuvaa viatu kukawa ni mashaka. Charles Denison, tabibu wa Denver, aliandika kitabu mwaka 1895 akiwahimiza wagonjwa wa mapafu wafanye mazoezi, wala hakupata wafuasi wengi. Ikabidi ipite zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 1952 Alvan Barach wa New York alipoeleza kwamba wagonjwa waliozoezwa huku wakivuta oksijeni waliongezeka uwezo wa kwenda bila ya kuhema. Tangu hapo, polepole mno kwa rai yangu, mazoezi yakapata itibari katika matibabu ya mapafu.

Njia hizo mbili zilikutana Ujerumani. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2012, wagonjwa 82 wa maradhi sugu ya mapafu, waliokuwa wamedhoofika sana, walifanyishwa mazoezi ya kawaida kwa wiki 3. Nusu yao wakachuchumaa na kuinuka juu ya jukwaa dogo ambalo upande mmoja ukipanda wa pili hushuka, zaidi ya mara 20 kwa sekunde, na wenzao wakachuchumaa juu ya sakafu tulivu. Mtetemo ule haukuyakusudia mapafu hata kidogo: kila jukwaa likiyumba, misuli ya mapaja hujikaza yenyewe bila ya kungoja amri, na kazi ikaongezeka pasipo kuidai pumzi kwa kadiri hiyo. Walipopimwa mwendo wa dakika 6, wa sakafuni walikuwa wameongeza kiasi cha mita 37, na wa jukwaani 64.

Mwaka huo huo, huko Chicago, kiti cha Charcot nacho kilihukumiwa. Wagonjwa wa kutetemeka wakagawanywa, hawa wakakalishwa katika kiti chenye mtetemo, wale wakasikilizishwa sauti tu. Wote wakapata nafuu, wala kiti hakikuwashinda wasikilizaji. Huko Ujerumani hapakuwa na aliyekalishwa ili atikiswe. Na miongoni mwa mitihani waliyopewa wagonjwa wa mapafu mmoja ulikuwa huu: kuinuka kitini na kukaa, kisha kuinuka tena, huku mpimaji akiitazama saa.