Ukanda wa Mtoto: Kutoka Gome la Mti Mpaka Pete Mbili

Asubuhi, barabara ya Ituri hapa Bangboka ni ya wamama. Wanashuka Kisangani, kilometa kama 17, mfuko wa makala ao kitunga cha pondu kichwani, mtoto mgongoni. Wengine wanapanda toleka, wengine siku hizi pikipiki, lakini mtoto habadili nafasi yake. Ukiuliza desturi hii ni ya tangu lini, utajibiwa: ni ya wakoko, tangu zamani za zamani. Sisi pia tulikuwa tunajibu hivyo darasani, miaka mingi. Katika kurasa hizi tunapenda kusahihisha jibu letu wenyewe.

Kikwembe cha pamba kina historia yake, na si ndefu sana. Nguo za duka zilifika huku kwetu pamoja na misafara ya Zanzibar, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Iliyojulikana zaidi ni merikani, nguo nyeupe nzito iliyofumwa Marekani; wafanyabiashara wa mji wa Salem ndio waliizoeza Zanzibar. Kutoka pwani ilibebwa kichwani na wapagazi mpaka Tanganyika, halafu Nyangwe, kisha ikateremka na Lualaba mpaka kwenye maporomoko. Kaniki, ile ya rangi nyeusi, ilifuata njia ileile. Stanley aliacha kituo chake hapa mwaka 1883. Tippu Tip akawa liwali mwaka 1887. Basi njia iliyotuletea Kiswahili ndiyo iliyotuletea nguo ya pamba. Na nguo hiyo ilikuwa feza: ilipimwa kwa mkono, ikanunua pembe, ikanunua chakula, ikanunua hata watu. Hatufikiri kwamba mama wa pori wa wakati ule alikuwa na yadi mbili za kufungia mtoto tu.

Baadaye yalikuja maduka ya wakati wa Wabelgiji, zikaja wax za Uholanzi, na katika miaka ya 1970 Kisangani ikapata kiwanda chake, SOTEXKI. Wasomaji wa umri wetu wanakumbuka vile mama alivyojivunia kikwembe cha Kisangani. Kiwanda kimedhoofika, vikwembe vingi sasa vinatoka mbali, lakini fundo limebaki lilelile. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji wetu, wamama walikimbia mabomu na mdogo mgongoni, mikono miwili ikishika wakubwa. Siku ile hakuna aliyeuliza kama kikwembe ni cha asili ao cha kuletwa.

Na kabla ya pamba? Msitu ulikuwa na nguo yake. Gome la miti fulani, hasa ya jamii ya mtini, lilivuliwa, likalowekwa, likapigwa kwa nyundo ya mti ao ya pembe mpaka likawa pana na laini. Kwa kubeba mtoto haikuhitajika nguo pana. Ulitosha ukanda, wa gome ao wa ngozi, unaopita juu ya bega moja na kuzunguka chini ya mkono wa upande wa pili. Mtoto anakaa ndani yake ubavuni, kwenye kiuno cha mama, uso wake karibu na ziwa. Ukipanda barabara hii yetu, ukapita Bafwasende na Nia-Nia, ukafika kwa Wambuti wa Ituri, huko ukanda huu unajulikana vizuri.

Hapo ndipo penye tofauti tunayotaka msomaji aishike. Mtoto wa mgongoni akilia njaa, lazima mama asimame, atue mzigo, afungue, amzungushe mbele. Mtoto wa ubavuni anateremshwa kidogo tu, anapata ziwa, na mama anaendelea na njia. Hatusemi mgongo ni mbaya! Kwa kutwanga pondu, kwa jembe, kwa moto wa jikoni, mgongo ndio mahali pa salama. Kila namna ina kazi yake, lakini sisi tumebakiza moja na kusahau nyingine.

Tena ukanda wa ubavu unavuliwa upesi, mtoto akapewa mwingine. Wataalamu Tronick na Morelli, pamoja na wenzao, waliandika mwaka 1987 juu ya Waefe wa Ituri kwamba katika miezi ya kwanza mtoto anapita katika mikono mingi, na wamama wengine wanamnyonyesha pia. Kwa wakoko wetu habari hiyo isingekuwa ya ajabu.

Wakati sisi tunasahau, wengine walijifunza. Mmarekani Ann Moore, muuguzi, alifanya kazi Togo katika miaka ya 1960, akaona wamama wanavyobeba. Kwao akabuni mfuko wa kubebea mtoto, na mwaka 1969 akapata hati ya uvumbuzi. (Mama wa Togo hakupata hati yoyote.) Mwaka 1981, kule Hawaii, Rayner Garner alitengeneza ukanda wa nguo wenye pete mbili: nguo inapita katika pete zote mbili, inarudi juu ya moja na chini ya nyingine, na uzito wa mtoto wenyewe unaikaza. Ukivuta ncha, inakaza. Ukiinua pete, inalegea, mtoto anashuka kwenye ziwa. Daktari William Sears akaueneza. Mwaka 1986 Hunziker na Barr, kule Montreal, walionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki sita.

Dada mmoja aliyerudi kutoka Ulaya alituletea ukanda wa namna hiyo. Tulimpa koko mmoja wa mtaa auangalie. Hakungoja maelezo: aliupitisha begani, akamweka mjukuu ubavuni, akacheka.

“Hii tunaijua. Lakini hizi byuma ni za nini? Fundo si iko?”

Halafu akafanya kitu ambacho maelezo ya dukani yanakiandika kwa herufi kubwa: aliweka kidole chini ya kidevu cha mtoto na kukiinua. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba katika miaka 20 watoto wasiopungua 14 walikufa katika mikanda ya namna hii. Mtoto mchanga akikunjwa, kidevu kikigusa kifua, ao nguo ikiziba pua, anakosa pumzi bila kulia. Uso uonekane, pua iwe wazi, na akimaliza kunyonya arudishwe juu, wima.

Tunaandika haya kwa sababu ya msichana mmoja. Alizaa akiwa katika la nne sekondari, akarudi darasani, mtoto akamwacha kwa mdogo wake. Saa nne, blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa. Siku moja alikuja na mtoto, amemfunga ubavuni kwa kikwembe, chini ya bega la kushoto, na akaandika somo lote huku ananyonyesha. Mtoto hakulia hata mara moja. Msimamizi alimtoa nje, kwa sababu darasa si pediatria. Sisi tulikuwa ubaoni, tukifundisha siku ile somo la mila za mababu, na hatukusema neno. Hakurudi tena. Tunamwona bado barabarani asubuhi, na makala kichwani, mtoto wa pili yuko mgongoni, na yule wa kwanza anatembea kwa miguu yake, anatusalimia: “Jambo, mwalimu.”