Daftari la Wachangaji: Jinsi Kenya Ilivyopeleka Watoto Wake Vyuoni

Hadi mwisho wa miaka ya 1950, kijana wa Kenya aliyemaliza sekondari na kufaulu vizuri hakuwa na orodha ya vyuo mbele yake. Alikuwa na Makerere. Chuo hicho cha Kampala kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na mwaka 1949 kikapanda daraja na kuanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nafasi zake ziligombaniwa na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nairobi ilikuwa na Royal Technical College tangu 1956, lakini hakikuwa bado chuo kikuu. Ufadhili wa kwenda Uingereza ulikuwepo, ila ulikuwa haba, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoamua nani aende na akasomee nini.

Nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi, na kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa kuwaelekeza wanafunzi kuhusu vyuo na kazi. Naandika historia hii kwa sababu vijana wanaokuja kuniomba ushauri, hata sasa nimestaafu, huamini kwamba kutafuta ufadhili ni shughuli ya mtu na simu yake. Wakikosa, hujilaumu wenyewe. Ningependa wajue kwamba hapa kwetu jambo hili halikuanza hivyo. Lilikuwa kazi ya watu wengi, na mwanafunzi alikuwa mmoja wao tu.

Mapema kabisa, mwaka 1927, Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, alipanda meli kwenda Marekani. Alisoma Hampton, chuo cha Wamarekani weusi kule Virginia, kisha Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Aliporudi mwaka 1938 alikuta shule huru za Wakikuyu zikiwa na njaa ya walimu. Mwaka uliofuata chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri. Majengo yake yaliinuliwa kwa michango ya wananchi, marika yakishindana kuona rika lipi litatoa zaidi. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilikifunga, na uwanja wake ukageuzwa mahali pa kunyongea watu. Nawaambia wanafunzi wangu habari za Githunguri bila kuzipunguza, maana wanapaswa kujua kwamba kulikuwa na watu waliochangia elimu ya juu wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kosa machoni pa watawala.

Aliyefungua njia pana zaidi ni Tom Mboya. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na tangu 1957 mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada. Alikuwa amesoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Aliona uhuru unakuja na nchi haina wahandisi, madaktari wala makatibu wa wizara. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia, na kila alikopita aliviomba vyuo nafasi za masomo. Vyuo vingi vilikubali. Shida ikawa nauli. Kijana angeweza kuwa na barua ya kukubaliwa mkononi na asiwe na namna ya kuvuka bahari.

Hapo ndipo Mboya na rafiki yake Mmarekani, mfanyabiashara William Scheinman, walipounda shirika la kutafuta fedha za kukodi ndege. Barua ya kuomba mchango ilitiwa saini na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, nao Wamarekani wa kawaida wakachanga. Hapa nyumbani waliosaidiana na Mboya kuchagua wanafunzi ni Gikonyo Kiano, Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, na Kariuki Njiiri, ambaye naye alisoma Marekani. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka, lakini serikali ya Marekani ilikataa kulipia ndege. Mnamo Julai 26, 1960, Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa mgombea urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Wakuu wa kikoloni walilalamika kwamba vyuo vya Marekani ni hafifu na kwamba vijana wengine hawakustahili. Safari hazikusimama. Kufikia 1963, takriban wanafunzi 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamevuka kwa mpango huo. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri aliyemaliza Loreto Limuru, akapelekwa chuo cha masista cha Mount St. Scholastica katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas. Ndiye Wangari Maathai. Alisomea biolojia, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Habari hizi husimuliwa sana kwa majina ya wakubwa. Mimi nilizijua kwanza kwa daftari la baba yangu.

Kwetu ni Vihiga. Wamishonari wa Kanisa la Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, kwa hiyo habari za vyuo vya huko zilikuwa zikisikika vijijini mwetu kabla Mboya hajaanza siasa. Kijana wa kijiji chetu alipopata nafasi Marekani, wazee wa kanisa waliunda kamati, na baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akawa mweka hazina. Daftari lake bado ninalo. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila ukurasa ameupigia safu tatu kwa rula: jina, alichotoa, saini au alama ya kidole. Wengi wametoa shilingi moja au mbili. Wengine wametoa mahindi kwa debe, mkungu wa ndizi, mayai. Kuku mmoja mweusi ameandikwa mara nne, kila mara na mnunuzi mwingine, kwa sababu kila aliyeshinda mnada alimrudisha mezani anadiwe tena.

Upande wa matumizi unafundisha zaidi. Suti moja. Viatu. Koti zito kutoka duka la Mhindi, Kisumu. Sanduku la bati. Nauli ya gari moshi, Kisumu hadi Nairobi. Kisha kuna fedha zilizowekwa akiba, na pembeni baba ameandika kwa wino mwekundu kwamba zisiguswe mpaka ijulikane chuo kinalipa nini na hakilipi nini. Ukurasa wa mwisho una masharti: kijana aandike barua kila muhula, na barua isomwe kanisani baada ya ibada ya Jumapili.

Wino ule mwekundu una sababu. Vyuo vingi vilisamehe karo peke yake. Chakula, malazi, vitabu na nguo za baridi vilimngoja mwanafunzi mwenyewe. Wapo waliofika wakakuta wamekubaliwa chuo kidogo cha kanisa, maili mamia kutoka mji wowote waliowahi kuusikia, na likizo ikifika mabweni yanafungwa nao hawana pa kwenda. Wengi waliosha vyombo na kufagia kumbi ili wale. Shirika lililokodi ndege lilijikuta likitafuta tena fedha za kuwaokoa waliokwama. Hawakuwa wamechagua chuo kwa kulinganisha. Waliandikia vyuo vingi, na chuo kilichojibu kikawa ndicho chao. Kamati iliyoketi na barua na kuuliza maswali ndiyo iliyomkinga kijana na sehemu ya taabu hiyo.

Kuna jambo jingine katika daftari hilo ambalo siwezi kulipita. Karibu nusu ya wachangaji ni wanawake. Kuku yule mweusi aliletwa na shangazi yangu, aliyefaulu mtihani wa shule ya msingi na akaambiwa karo iliyopo ni ya kaka yake. Kamati ile ilipeleka vijana kadhaa katika miaka iliyofuata. Hakuna hata msichana mmoja. Nawaheshimu wazee wale kwa moyo wote, na nasema wazi kwamba hapo walidhulumu watu waliokuwa wakiwalisha. Yeyote anayetaka kufufua desturi yao aifufue bila dhuluma hiyo.

Wakati ndege za Mboya zikielekea Marekani, mwanasiasa Oginga Odinga alikuwa akifungua njia ya upande wa pili. Vijana walipitia Cairo kwenda Urusi na nchi nyingine za kambi ya kisoshalisti. Moscow ilifungua chuo kikuu mwaka 1960 mahsusi kwa wanafunzi wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, nacho mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Kila mfadhili alikuwa na lengo lake. Washington haikutaka Afrika ielekee Moscow, na Moscow haikutaka Afrika ielekee Washington. Waliorudi kutoka Mashariki walibeba uzito huo: baada ya Odinga kutoka serikalini mwaka 1966, wengi wao walitazamwa kwa shaka. Ndiyo maana swali la nani analipa, na anataka nini, ni la kuulizwa mapema.

Baada ya uhuru, Rais Jomo Kenyatta aliifanya harambee, yaani kuchangiana, kuwa wito wa taifa, na mchango wa mwanafunzi ukapata jina. Katika miaka ya 1970 na 1980, nafasi za vyuo vikuu vya nyumbani zilipokuwa bado chache, maelfu walikwenda India, katika miji kama Pune na Delhi, wengi kwa fedha za harambee. Nyumbani, serikali ilianzisha mikopo ya wanafunzi mwaka 1974. Mwaka 1991 gharama zikaanza kugawanywa kati ya serikali na wazazi, na mwaka 1995 sheria ikaunda HELB, bodi inayokopesha hadi leo. Polepole mzigo ulitoka mabegani mwa kijiji ukaingia katika fomu.

Harambee yenyewe ilikuwa imechafuka. Wanasiasa waliigeuza jukwaa la kura, na machifu wakawakata watu mchango kwa lazima. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 iliwabana, na mwaka huohuo ukaja mfuko wa CDF wenye basari za kila eneo bunge. Basari hizo zimewasaidia wengi, lakini humfikia mwanafunzi kwa vipande, naye hazungumzi na mtu anayemjua. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya unaopima uwezo wa familia na kugawa ufadhili, mkopo na sehemu ya mzazi. Uliishia mahakamani, na wazazi wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi lisilo lao.

Nenda leo saiba yoyote wakati wa kuchagua kozi kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo. Utamkuta msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana amekaa mbele ya kompyuta ya kukodi, mwenye saiba akimharakisha kwa kuwa foleni ni ndefu. Anabofya kozi ambayo hajawahi kukutana na mtu aliyeisoma. Jioni anapata ujumbe wa simu unaomwahidi ufadhili kamili nje ya nchi endapo atatuma ada ya usajili. Nimewahi kuzuia fedha ya mzazi isitumwe kwa matapeli wa namna hiyo, na nimewahi kuchelewa. Msichana huyo ana habari nyingi kuliko kijana yeyote wa 1959. Anachokosa ni watu wa kukaa naye mezani.

Kamati za kina baba zilifanya mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Zilisoma barua yote, hadi mstari wa mwisho. Ziliuliza ufadhili ni wa karo pekee au na chakula na malazi. Ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima. Ukishuka alama unafutwa au la. Ukimaliza unadaiwa fedha au utumishi. Zilimtafuta mtu aliyewahi kusoma mahali hapo zikamwandikia. Ziliandika kila kilichotoka na kila kilichoingia, mbele ya macho ya wote. Na zilimdai mwanafunzi habari zake, jambo lililomfanya ajue kwamba akikwama ana pa kusema.

Hayo yanawezekana leo katika kila kanisa, msikiti na chama cha akina mama. Shule zetu nyingi hazina hata orodha ya wahitimu wao na vyuo walivyokwenda. Mwalimu mmoja na daftari moja wanaweza kuianza muhula huu. Wahitimu hao wako kwenye makundi ya WhatsApp, na wengi hufurahi kuulizwa. Waombeni waketi na watoto wawili watatu kabla KUCCPS haijafunga, wasome nao masharti, wapige simu chuoni wakiwa pamoja nao. Na anayetaka kutoa fedha atoe kwa kamati inayoandika hesabu, yenye wanawake wanaopiga kura, na wasichana katika orodha ya watakaopelekwa.