Perege wa Kilosa: Samaki wa Mto Wami Aliyefika Malaya na Mexico

Mvua inayonyesha Mikumi haifiki baharini kwa njia moja. Ile ya upande wa kaskazini, kwenye mbuga ya Mkata, huchukuliwa na Mto Mkata, ambao hukutana na Mkondoa unaotoka Kilosa. Kuanzia hapo maji hayo huitwa Wami hadi yanapoingia Bahari ya Hindi jirani na Saadani. Ile ya upande wa kusini, kuelekea Kidodi na Kidatu, huangukia Ruaha Mkuu, ikafuata Rufiji na kutokea mbele ya kisiwa cha Mafia. Abiria wa basi la Iringa huuvuka mpaka huo wa maji akiwa ameshughulika kutazama twiga na tembo kando ya barabara. Kwa samaki, mpaka huo umekuwapo tangu kale, na ndio unaoeleza kwa nini Kilosa, wilaya isiyo na pwani wala ziwa kubwa, ina samaki wa namna nyingi kiasi hiki.

Upande wa Wami yupo perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis hornorum. Upande wa Ruaha na Rufiji yupo ndugu yake, Oreochromis urolepis urolepis. Wote wawili ni perege tu sokoni, na wote huliwa kwa ugali bila mtu kuuliza ametoka mto gani. Lakini huyu wa Wami ana historia ambayo ingepaswa kujulikana na kila mtoto wa Kilosa, na nitairudia baada ya kuwataja majirani zake, maana hii si mito ya samaki mmoja.

Kambale yuko kila mahali, mtoni, kwenye majaruba na kwenye madimbwi ya matope ambamo samaki mwingine angekufa, kwa sababu ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu. Wapo kitoga, ningu na ngogo mwenye miiba inayomfanya mvuvi amwondoe wavuni kwa uangalifu. Yupo domodomo, anayetoa umeme hafifu kutoka mkiani ili ajue kilicho mbele yake katika maji machafu. Katika Ruaha na Rufiji yupo pia samaki mpana, bapa, wa jamii ya Citharinus ambayo kwao hasa ni Kongo. Kuwapo kwake huku mashariki ni ushahidi kwamba zamani sana, kabla ya Bonde la Ufa kuikata nchi, mito ilikuwa imepangika vingine. Na yupo yule mwindaji wa majini mwenye meno yanayotokeza nje hata akifumba mdomo. Wa kwetu alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni sawa na wale wa Zambezi na Nile, mpaka mtaalamu wa samaki Bernice Brewster alipomtenga mwaka 1986 na kumpa jina la nchi yake, Hydrocynus tanzaniae. Leo kuna wageni wanaolipa fedha nyingi kwenda mito ya Mnyera na Ruhudji, kwenye chanzo cha Kilombero, kumvua samaki wa jamii hiyo kwa ndoana na kumrudisha majini akiwa hai.

Historia ya uvuvi wetu imeandikwa ikitazama bahari na Ziwa Victoria. Mwandishi Ernest Hemingway mwaka 1934 alivua baharini, Malindi, na watu wa mchezo huo wakaifuata pwani hiyo kwa miaka mingi baadaye. Mito ya bara ilipitwa. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Hanning Speke walipanda bonde la Mkondoa mwaka 1857 wakienda Ugogo. Henry Morton Stanley alipita njia hiyohiyo mwaka 1871 wakati wa masika, akahangaika na kinamasi cha Mkata, kisha akafika Ziwa Gombo na kuandika juu ya viboko na ndege wa majini aliowakuta. Misafara hiyo ilikaa siku nyingi kando ya maji haya, ila walioandika walijali zaidi homa, matope na hongo walizotozwa njiani. Wasagara na Wakaguru wa milimani, na Wavidunda wa upande wa Kidodi, walikuwa wakivua kwa migono, ndoana na mikuki bila mtu kuandika ukurasa mmoja juu yao. Hilo ni pengo lisilozibika tena kwa urahisi.

Miongoni mwa wa kwanza kuweka samaki wa nchi hii katika kitabu kwa mpangilio walikuwa Wajerumani. Franz Stuhlmann alikusanya wanyama na kuwapeleka Ujerumani ndani ya pombe kali, na mwaka 1896 Georg Pfeffer wa jumba la makumbusho la Hamburg akachapisha kazi yake juu ya samaki wa Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ilihamia London. J. R. Norman wa British Museum alimpa perege jina la urolepis mwaka 1922. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa na kuambaa na Mkondoa, mashamba ya mkonge yakafuata, na kando ya mashamba hayo, Kimamba, akaja kugunduliwa samaki wa ajabu kuliko wote niliowataja.

Samaki huyu ni mdogo, hazidi urefu wa kidole. Dume amepambwa kwa rangi kali, jike ana rangi ya matope. Rudolf Wildekamp alimwandika rasmi mwaka 1977 kwa jina la Nothobranchius steinforti. Haishi mtoni. Huishi kwenye madimbwi yanayojaa masika na kukauka kiangazi, na kila mwaka dimbwi likikauka samaki wote waliomo hufa. Kinachobaki ni mayai, yamefukiwa kwenye udongo mweusi unaopasuka kwa jua. Ndani ya yai mtoto husimama kukua, akangoja kwa miezi. Mvua ikirudi na dimbwi likijaa, mayai huanguliwa, na baada ya wiki chache tu wale waliozaliwa wanataga mayai yao wenyewe, kwa kuwa hawana muda. Si mayai yote yanayoanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine husubiri, na hiyo ndiyo akiba ya kizazi ikiwa mvua ile ilikuwa ya kudanganya. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, hufugwa leo katika maabara za Ulaya na Marekani kwa sababu wanasayansi wanaweza kutazama uzee wake wote ndani ya miezi michache. Wa Kimamba hana sifa hiyo, wala hana mbuga inayomlinda. Dimbwi lake likifukiwa kwa kifusi cha barabara au kugeuzwa shamba linalolimwa kwa trekta mwaka mzima, amekwisha mahali hapo.

Sasa perege. Dume wa Wami akiwa tayari kuzaa hugeuka mweusi tii, ukingo wa pezi la mgongoni ukabaki mwekundu, na taya zake hutanuka. Huchimba kishimo kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi na kukilinda kwa ukali. Jike hutaga hapo, kisha huyaokota mayai kwa mdomo na kukaa nayo mdomoni hadi watoto waweze kuogelea. Wakati wote huo hali kitu cha maana. Watu wenye busara ya uvuvi walimpenda kwa sababu ni mvumilivu, hukua kwa kula vitu vya hali ya chini, na hustahimili hata maji ya chumvi. Ndivyo alivyovuka hadi Zanzibar na kuwekwa katika maji ya kisiwani.

Kutoka Zanzibar alisafirishwa mbali zaidi. Wakati ule Waasia wa kusini-mashariki walikuwa tayari wanafuga samaki wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, aliyeonekana Java katika miaka ya 1930 na kuenea kwa haraka. Ufugaji wake ulikuwa na kero moja iliyowashinda wafugaji: huzaliana mno. Bwawa hujaa vidagaa, chakula hakitoshi, na mfugaji huvuna samaki wasiojaa kiganja. Cyril Hickling, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa uvuvi wa makoloni, alikuwa akifanya utafiti kwenye kituo cha Batu Berendam, Malacca, Malaya. Akawapandisha madume waliotoka Zanzibar na majike wa samaki wa Msumbiji waliokuwapo Malaya. Watoto wote wakawa madume. Alipochapisha matokeo hayo mwaka 1960, wafugaji wa samaki duniani walielewa mara moja maana yake, kwa sababu bwawa la madume matupu halina kuzaliana, na nguvu zote za samaki zinakwenda kwenye nyama.

Sababu iko kwenye chembe za urithi. Kwa samaki wa Msumbiji, dume ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, sawa na binadamu. Kwa perege wa Wami, jike ndiye anayeamua. Ukimchukua dume wa Wami na jike wa Msumbiji, hakuna kati yao aliye wa upande unaoamua jinsia, ndiyo maana watoto wote hutoka jinsia moja. Hickling mwanzoni alidhani wazazi wale ni makabila mawili ya samaki mmoja. Aliyeona tofauti ni Ethelwynn Trewavas wa British Museum, mwanamke aliyetumia maisha yake yote kuchunguza samaki wa Afrika, akihesabu magamba na meno mpaka mwaka 1983 alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya jamii ya perege. Mwaka 1966 alimtambua rasmi yule wa Wami kwa jina la hornorum. Kwa hiyo samaki wetu alikuwa tayari ameleta mapinduzi Asia miaka sita kabla hajapewa jina lake mwenyewe.

Safari haikuishia Malaya. Perege wa Wami alipelekwa Brazili, Amerika ya Kati na Mexico. Huko California aliachiwa katika mifereji ya umwagiliaji ale magugu, na damu yake imo katika perege wekundu wanaofugwa upande huo wa dunia. Mvuvi wa Mexico anayetoa perege bwawani leo anaweza kuwa ameshika mjukuu wa samaki wa bonde la Kilosa, na hajawahi kusikia jina la Kilosa.

Nyumbani mambo yalikwenda kinyume. Ufugaji wa samaki Tanganyika ulianza kwa majaribio mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na mabwawa mengi yakachimbwa miaka ya 1950. Mengi yalikufa kwa kukosa maji na huduma. Vifaranga viligawiwa kwa nia njema, na aliyependelewa zaidi kadiri miaka ilivyokwenda ni sato, samaki mgeni katika mito hii, ambaye hukua haraka. Bwawa likipasuka au likifurika, sato huingia mtoni. Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukazamisha mitaa ya Kilosa na kuibomoa reli kuelekea Gulwe. Maji ya namna hiyo hayabagui bwawa la mtu na mto wa wote. Sato akikutana na perege mwenyeji, huzaa naye, na watoto wao huzaa pia, mpaka inakuwa shida kumpata perege halisi. Asilatu Shechonge na wenzake, miongoni mwao Benjamin Ngatunga wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, walichapisha mwaka 2019 utafiti ulioonyesha kwamba sato na mgeni mwingine, Oreochromis leucostictus, wameenea katika mabonde mengi ya nchi kutokana na miongo ya kupandikizwa kwa makusudi.

Mtu akitaka kujionea mwenyewe, na atazame mkia. Sato ana mistari ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia, na perege wa Wami hana. Machotara wana mistari iliyokatikakatika. Ni jambo linaloonekana kwa macho kwenye beseni la muuza samaki, bila darubini.

Upande wa Ruaha kuna tatizo la mabwawa ya umeme. Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975 na leo kina uwezo wa megawati 204, na Mtera ikajengwa juu zaidi mtoni ili kukiwekea akiba ya maji. Mtera ilileta uvuvi mpya na samaki wa kuuza, na sisemi hilo ni jambo dogo kwa familia zilizoishi kwa samaki hao. Lakini mto uliozibwa si njia tena kwa samaki wanaopanda na mafuriko kwenda kutaga, wala kwa mikunga ambao hutoka baharini wakiwa wadogo kama uzi. Chini zaidi, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, nalo limekata Rufiji yenyewe.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, uvuvi hauruhusiwi, na kwa hilo sehemu ya Mkata imepata pumziko. Hifadhi hiyo hutangazwa kwa simba na nyati. Nadhani imechelewa kutangazwa kwa kulinda maji ya mito miwili yenye perege wawili tofauti.

Na wanaohitaji perege hao si wapenda mazingira peke yao. Zanzibar, kisiwa kilichompeleka perege Malaya, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya majaribio ya kumpandisha dume wa Rufiji na jike wa sato, ili apatikane samaki wa kukua haraka katika maji ya chumvi ya pwani. Kazi ya aina hiyo hutaka wazazi wasiochanganyika, na wazazi hao hawauzwi kwenye vituo vya vifaranga. Inabidi wavuliwe mtoni, katika vijito vya juu ambavyo sato hajavifikia, na kupimwa mmoja mmoja kabla ya kuwekwa bwawani.