Joto Lililoingia na Bati

Nimeezeka mapaa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, tangu ujana wangu. Watu wakiniambia joto la siku hizi limetoka angani tu, nawaitikia, halafu natazama juu kwenye bati. Jua limezidi, sikatai. Ila joto la ndani ya nyumba tulilipandisha sisi wenyewe, na nyundo nilishika mimi.

Huku ni milimani, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wazee wetu walichoogopa ni mvua na baridi ya Juni na Julai. Msonge wa Kiha, nyumba yetu ya duara, ulivikwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, moto ukawaka ndani, moshi ukapenya kwenye nyasi na kufukuza wadudu. Ukiingia saa nane mchana, mwezi wa tisa, ulikuta ubaridi, maana nyasi nene hushika hewa na joto halipenyi upesi. Sisemi ilikuwa pepo: panya walijaa, cheche moja iliteketeza kila kitu, na kukata nyasi upya ilikuwa kazi isiyokwisha.

Kisha mambo yakabadilika. Reli ilifika Kigoma 1914. Wabelgiji wakatushika hadi 1921, wakatukabidhi kwa Waingereza. Wenye mashamba ya mkonge walipounda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua, mwaka 1944, mawakala wake walichukua vijana wengi wa Buha, nchi yetu Waha, kwenda kuwa manamba Tanga. Babu yangu alikuwemo. Alirudi na baiskeli na hamu ya nyumba ya pembe nne. Kisha Operesheni Kigoma ya 1972 ikatusogeza vijijini, nyumba kwenye mstari kando ya barabara, na mwenye msonge akaanza kuonekana mshamba.

Mwaka 1977, katika taarifa yake Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, Mwalimu Nyerere aliwasuta waliong'ang'ania saruji na bati huku udongo wa tofali na vigae ukiwa miguuni mwao. Bati, kwake, halikufua dafu mbele ya kigae. Kasulu ilimsikia nusu. Tofali za kuchoma tulizipokea kwa mikono miwili, na miti iliyoishia kwenye matanuri yake ni hadithi nyingine ya joto. Kigae tulikiacha. Ni kizito, kinataka kenchi imara na mbao nyingi. Bati la geji 30 utaligongomea hata kwenye miti ya porini. Mwenye nyumba alipiga hesabu akaridhika, nami nikapata riziki.

Panda paa la bati Oktoba, saa saba mchana, mvua hazijashika. Kiganja hakikai. Misumari ya kubana kwa midomo ni ile iliyokaa kivulini. Iliyoanikwa juani inaunguza ulimi. Chini yako, kama hakuna dari, joto hilo linamshukia mgonjwa kitandani. Usiku bati linapoa upesi, na ndiyo maana watu hulisamehe. Hata wakimbizi waliohifadhiwa kwenye kambi za huku, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta tangu 2015, wengi wao walianzia chini ya turubai, ambalo ni kali kuliko bati.

Dawa ya joto hilo sasa inatafutwa kwenye kiyoyozi, lakini nacho hakikuanza kwa ajili ya binadamu. Willis Carrier alikibuni 1902 kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, ambako unyevu ulivuruga karatasi. Kwetu pia kilitangulia kwenye vitu: mitambo ya simu, mashine za benki, dawa. Watu waliridhika na pangaboi, umeme ukiwepo. Gridi ya Taifa ilipofika 2022 kupitia Nyakanazi, hatukutegemea tena jenereta za dizeli, na mafundi wa viyoyozi wakaanza kuulizwa bei.

Mwenye duka moja la dawa aliniita kuziba nyufa ili ubaridi usitoroke. Nikapanda darini: giza, hewa imekufa, shati likalowa kabla sijafika katikati. Bati lilikuwa linaichoma dari, na dari inakichosha kiyoyozi. Nilimwambia aniruhusu nitoboe matundu ya hewa pande zote mbili za paa, niyafunge kwa wavu, halafu tutandike godoro la nyuzi za kuzuia joto juu ya dari. Akacheka: amenunua mashine ya baridi, mimi nataka kumtobolea nyumba! Tulibishana hadi chai ikapoa.

Matundu alikubali. Godoro anasema hadi avune maharage.