Nyumba ya Shakespeare iliyobomolewa mara mbili ikabaki vinywani mwa wenyeji

MJI mdogo wa Stratford-upon-Avon, ulioko katikati mwa Uingereza, hupokea wageni wengi kila mwaka wanaofika kuona mahali alipozaliwa na alipozikwa mtunzi mashuhuri wa tamthilia, William Shakespeare. Nyumba aliyozaliwa ingali imesimama katika barabara ya Henley. Kaburi lake limo ndani ya Kanisa la Utatu Mtakatifu, kando ya mto Avon. Lakini nyumba aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, ambayo inaaminika ndimo alimofia mwaka 1616, haipo. Penye nyumba hiyo pana bustani.

Nyumba hiyo iliitwa New Place, yaani Mahali Papya. Hakuna picha iliyopata kujulikana ambayo ilichorwa na mtu aliyeiona ikiwa imesimama. Sehemu kubwa ya yale yanayofahamika kuhusu sura yake yalitoka vinywani mwa wakazi wawili wa kawaida, fundi wa vioo na fundi wa viatu, walioulizwa walipokuwa wazee na nyumba yenyewe ikiwa imekwisha kutoweka.

Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu Shakespeare hasa kupitia kwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyetafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, pamoja na Samuel Mushi, mfasiri wa Makbeth na Tufani. Tamthilia hizo mbili za Mwalimu zina uhusiano wa karibu na nyumba hii kwa upande wa wakati. Ile ya mabepari inakadiriwa kuandikwa kati ya mwaka 1596 na 1597, nayo ya Kaizari mwaka 1599. Shakespeare alinunua New Place mwezi Mei 1597. Kwa hivyo, alipokuwa akiwaonyesha watazamaji wa London mikopo na dhamana za wafanyabiashara wa Venisi, yeye mwenyewe alikuwa mbioni kujipatia mali kwao.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 33. Baba yake, aliyekuwa mtengenezaji wa glavu na kiongozi wa mji, alikuwa ameanguka kiuchumi na kuandamwa na madeni. Mwana kurejea na kununua mojawapo ya nyumba kubwa kabisa za mji huo lilikuwa jambo ambalo kila jirani aliliona.

New Place ilijengwa karibu mwaka 1483 na Hugh Clopton, mzaliwa wa eneo hilo aliyetajirika kwa biashara ya nguo jijini London na baadaye akawa Meya wa jiji hilo. Ni huyo huyo aliyewajengea wenyeji daraja la mawe juu ya mto Avon, ambalo magari yanalipita hadi leo. Nyumba yake ilijengwa kwa mbao na matofali, nayo matofali yalikuwa nadra katika mji uliojaa nyumba za mbao na udongo. Hati za kodi ya meko za karne ya 17 zinaonyesha kuwa ilikuwa na meko 10.

Bei iliyoandikwa katika hati ya mauzo ni pauni 60, ingawa wataalamu wanaamini kiasi kilicholipwa kilikuwa kikubwa zaidi, kwani ilikuwa desturi kuandika bei ya chini. Muuzaji, William Underhill, alifariki miezi michache baadaye kwa kulishwa sumu na mwanawe, Fulke, ambaye baadaye alinyongwa kwa kosa hilo. Shakespeare alilazimika kuithibitisha upya haki yake ya kumiliki nyumba hiyo mwaka 1602, mrithi mwingine wa Underhill alipotimiza umri wa kisheria. Kisa hicho kingefaa kabisa kuwa tamthilia, lakini hakuna ushahidi kwamba mtunzi alikitumia.

Alipofariki, nyumba ilimwendea bintiye mkubwa, Susanna, kisha mjukuu wake, Elizabeth. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, husimuliwa kwamba Malkia Henrietta Maria alilala humo alipopitia Stratford mwezi Julai 1643. Elizabeth alifariki mwaka 1670 bila mtoto, na kizazi cha Shakespeare cha moja kwa moja kikakomea hapo. Nyumba iliuzwa, na baada ya miaka kadhaa ikarejea kwa ukoo wa Clopton kwa njia ya ndoa.

Ubomoaji wa kwanza ulifanyika mikononi mwa ukoo huo huo. Mwaka 1702, Sir John Clopton aliiangusha nyumba ya kale na kumjengea mwanawe nyingine ya kisasa mahali pale pale. Hakuna habari kwamba mji ulilalamika. Shakespeare hakuwa bado ametukuzwa kama alivyokuja kutukuzwa katika karne hiyo, na mwenye mali alikuwa akiboresha mali yake.

Miaka 35 baadaye, mwaka 1737, msanii na mtafiti wa mambo ya kale, George Vertue, alifika Stratford akitaka kujua nyumba ya mtunzi ilikuwaje. Inaaminika kwamba aliyemweleza ni Shakespeare Hart, fundi wa vioo aliyetokana na uzao wa Joan, dadake mtunzi, ambaye alikuwa mtu mzima tayari nyumba ilipobomolewa. Vertue alichora kwa kalamu kile alichoelezwa: jengo lenye ghorofa tatu kwa jumla na paa lenye vilele vitano, likielekea barabarani, na lango katikati. Kando ya mchoro aliandika maelezo ambayo yangeweza kupuuzwa kwa urahisi. Alisema jengo hilo la mbele lilikuwa la watumishi na lilikuwa na ukumbi mrefu, na kwamba nyuma ya lango palikuwa na ua mdogo ulioota nyasi kabla ya kuifikia nyumba yenyewe ambamo Shakespeare aliishi.

Mchoro huo ulikaa katika daftari lake bila kutambuliwa hadi ulipochapishwa mwaka 1952.

Shahidi wa pili alikuwa Richard Grimmitt, fundi wa viatu aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1680. Utotoni alikuwa akicheza na mtoto wa Sir John Clopton na kwa sababu hiyo aliingia mara nyingi katika nyumba ambayo mtoto wa fundi asingeweza kuikanyaga kwa kawaida. Kumbukumbu zake ziliandikwa na Kasisi Joseph Greene wa Stratford mwaka 1767. Kwa mujibu wa maelezo hayo, palikuwa na ukuta wa matofali upande wa barabara, na aina ya kibaraza upande wa karibu na kanisa dogo la mji. Watoto wakiingia walivuka ua mdogo wa majani kabla ya kuifikia nyumba, iliyokuwa upande wa kushoto. Uso wake ulikuwa wa matofali, na madirisha yake yalikuwa ya kawaida tu, vipande vya vioo vilivyoshikizwa kwa risasi.

Hakuna fahari katika maneno ya mzee huyo. Hakudai kuona kiti cha Shakespeare wala meza aliyoandikia, ingawa kufikia mwaka huo mji ulikuwa umejaa watu waliokuwa tayari kudai hivyo. Alikumbuka kile ambacho mtoto hukikumbuka: pa kupitia, majani ya kukimbilia, na mlango ulikuwa upande gani. Pengine ndiyo sababu maneno yake yana uzito kuliko simulizi nyingi zilizomzunguka.

Ubomoaji wa pili ndio unaosimuliwa hadi leo. Katika miaka ya 1750, nyumba ile mpya ilinunuliwa na kasisi mmoja kutoka nje, Francis Gastrell. Bustanini palikuwa na mforsadi ambao wenyeji waliamini ulipandwa na Shakespeare kwa mikono yake. Wageni walizidi kubisha hodi wakitaka kuuona. Gastrell alichoshwa na usumbufu huo, akaamuru mti ukatwe. Wakazi waliokasirika walimvunjia madirisha. Baadaye kasisi huyo alizozana na mji kuhusu kodi ya kuwasaidia maskini, ambayo alitakiwa kulipa ingawa sehemu ya mwaka aliishi Lichfield. Mwaka 1759 aliibomoa nyumba nzima, akauza vifaa vyake na kuuhama mji, huku akilaaniwa na watu.

Katika simulizi za mji, Gastrell ndiye mharibifu wa nyumba ya Shakespeare. Ukweli ni kwamba mtunzi hakuwahi kukanyaga sakafu ya nyumba aliyoibomoa, kwa kuwa ile yake ilikuwa imeangushwa miaka 57 kabla. Lakini Clopton alikuwa mwenyeji, wa ukoo uliojenga daraja. Gastrell alikuwa mgeni aliyekata mti na kukataa kulipa kodi. Si ajabu kwamba hasira zote zilimwangukia yeye, na jina la mwenzake likasahaulika.

Mti nao haukupotea bure. Thomas Sharpe, fundi wa saa wa mji huo, alinunua sehemu kubwa ya magogo na kuchonga visanduku, vikombe na mapambo ya kuwauzia wageni. Biashara ilishamiri kwa miaka mingi, hata watu wakaanza kuuliza ni mti gani huo usiokwisha. Mwaka 1799, karibu na kufa kwake, Sharpe alikula kiapo kwamba hakuwahi kutumia mbao za mti mwingine. Mwigizaji David Garrick alipopewa heshima ya uraia wa mji, hati yake ilitiwa katika kisanduku cha mforsadi huo. Ni yeye aliyeandaa sherehe kubwa ya Shakespeare mjini humo mwaka 1769, ambayo iliharibiwa na mvua na ambamo, ajabu ni kwamba, hapakuigizwa hata tamthilia moja ya Shakespeare.

Nyumba aliyozaliwa ilipopigwa mnada mwaka 1847, ilinunuliwa kwa mchango wa umma kwa pauni 3,000. Kiwanja cha New Place nacho kilinunuliwa kwa mchango katika miaka ya 1860, chini ya uongozi wa msomi James Halliwell, ambaye alikichimba na kufichua sehemu za misingi.

Kati ya mwaka 2010 na 2016, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Staffordshire walikichimba tena, safari hii kwa utaratibu wa kitaalamu. Walipata jiko, shimo la kuhifadhia vyakula mahali penye ubaridi, vigae vya vyombo na mifupa ya wanyama walioliwa. Walithibitisha pia mpangilio wa nyumba: jengo la mbele upande wa barabara lenye lango, ua katikati, na ukumbi wa wenye nyumba nyuma yake. Ua ambao Hart na Grimmitt waliuzungumzia, kila mmoja kwa wakati wake, ulikuwepo.

Shirika linalosimamia kiwanja hicho lilifikia uamuzi wa kutoijenga upya nyumba, kwa kuwa hakuna ajuaye sura yake kwa ukamilifu. Bustani ilifunguliwa upya mwezi Agosti 2016, mwaka wa 400 tangu kifo cha mtunzi. Ukanda wa shaba uliolazwa ardhini unaonyesha mipaka ya nyumba ya kale. Wageni huingilia pale lilipokuwa lango la zamani. Katika bustani kubwa iliyo nyuma umo mforsadi mzee, ambao inasemekana ulichipuzwa kutokana na ule uliokatwa na Gastrell.