Kwa basi kutoka Buenos Aires mpaka Santiago

Haya wadau, leo tuweke kando habari za bumu na test, twende Amerika Kusini. Ukipanda basi Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, kwenda Santiago ya Chile, unakata kama kilomita 1,400. Karibu siku nzima barabarani! Kwanza tambarare, halafu Mendoza, halafu milima ya Andes yenyewe.

Hapo mlimani ndipo penye historia. Nchi hizi zilishindana kununua manowari kwa sababu ya mpaka, mpaka zikapatana mwaka 1902. Mwaka 1904 wakasimamisha sanamu ya Kristo pale pale mpakani. Reli ikafuata mwaka 1910, ila mafuriko ya 1934 yakaiharibu vibaya, ikakaa miaka kama 10 bila kufanya kazi.

Sasa sikieni hii. Desemba 1978 majeshi yalikuwa tayari kupigana, kisa visiwa vya kusini kabisa. Papa Yohane Paulo II akaingia kupatanisha. Mkataba ulisainiwa 1984, lakini handaki la barabara, kama kilomita 3 hivi, lilifunguliwa 1980. Yaani wakubwa bado wamenuniana, huku chini mabasi yanapita!

Sisi tunaosomea ualimu wa historia tunakaririshwa vita na mikataba tu. Mimi nikipewa darasa nitauliza pia barabara ilijengwa lini na nani alipita. Siku hizi kinachoifunga njia ile mara nyingi ni theluji. Mnaonaje?