Hereni ya kielektroniki

Hereni ya kielektroniki ni kitambulisho cha plastiki kinachobanwa kwenye sikio la ng'ombe, punda, mbuzi au kondoo. Ndani yake mna chipu yenye namba ya pekee. Haina betri: hupata nishati kutoka kwa mawimbi ya redio ya kifaa cha kuisomea, kisha hurudisha namba yake.

Nchini Tanzania utambuzi wa mifugo uliwekewa sheria namba 12 ya mwaka 2010.

Gharama na faida

Gharama hutangulia faida. Katika zoezi la awali mfugaji alitozwa shilingi 1,750 kwa kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe 40 alitakiwa kulipa 70,000. Katika kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025, hereni hutolewa bila malipo.

Faida hutegemea namba kusomwa njiani, kuanzia mnadani hadi machinjioni. Kwa mfugaji wa kata ya Puge, wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, hereni inaweza kusaidia kumtambua ng'ombe aliyeibwa na kuonyesha chanjo alizopata. Mnunuzi asipoisoma wala kuongeza bei kwa ajili yake, faida hiyo hupungua.

Botswana ilianza kutambua ng'ombe wake kwa chipu zilizowekwa tumboni, ikilenga kulinda soko la nyama katika Umoja wa Ulaya linalodai asili ya mnyama ijulikane. Huko gharama ililinganishwa na hasara ya kupoteza soko.